Shajara ya mradi: kabati la sinki la kuning'inia, bafu la wageni, Kigamboni

Jumatatu. Vipimo kabla ya duka

Kazi ni kuondoa sinki la zamani la nguzo na kuweka kabati la kuning'inia ukutani lenye sinki la kauri la sentimita 61. Bafu linaitwa la wageni, lakini familia nayo hulitumia kila siku, wengi wao wakioga kwa ndoo na kata. Jambo hilo la ndoo litaamua mengi huko mbele.

Mama mwenye nyumba alishapenda kabati moja Kariakoo, la miguu minne na droo mbili. Tumemwomba asilipie kwanza. Kabati la sinki huchaguliwa kuanzia ukutani kuja nje: bomba la maji machafu linatokea kimo gani, ni la ukubwa gani, ukuta una nguvu kiasi gani, na maji yanafika kwa msukumo upi. Ukishayajua hayo manne, makabati yanayokufaa dukani yanabaki machache, na lolote utakalobeba litakaa. Anayeanza na picha humwachia fundi kazi ya kukata droo na kupindisha trapu (kile kipande chini ya sinki kinachobakiza maji ya kuzuia harufu) mpaka vitu viingie.

Chumba kina sentimita 160 kwa 240. Mwisho wake ni sehemu ya kuogea, sentimita 90. Mstari wa kati wa choo uko sentimita 130 kutoka ukuta wa mwisho. Kutoka mstari huo tunaacha sentimita 40 kila upande ili mtu akae bila kugusa kitu kwa kiwiko, kwa hiyo kabati lina nafasi kuanzia sentimita 170 hadi 240, yaani sentimita 70. Sinki la 61 linaacha 9. Tumeweka 5 upande wa kona na 4 upande wa choo. Kabati la 70 kamili lingeingia kwenye karatasi tu, maana ukutani pale kona haiko mraba. Tulipima 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari haukutoa 100: ukuta umeingia ndani sentimita 1.2. Plasta za nyumba nyingi ziko hivyo, na kabati lililobanwa kwenye kona ya namna hiyo huacha mwanya wa pembetatu ambao silikoni haiwezi kuuziba vizuri.

Mlango hauna tatizo. Bawaba ziko ukuta wa pili, na ubao wenyewe ukifunguka hauifikii sehemu ya kabati. Kina cha sentimita 47 kinaacha sentimita 113 za kupita.

Bomba la maji machafu linatokea sentimita 42 kutoka sakafuni, ukubwa inchi moja na robo. Maji safi yanatokea sehemu moja tu, kimo cha sentimita 55, karibu katikati kabisa, pale pale trapu inapotaka kukaa. Maji ya moto hayapo. Hita ni ile ndogo ya bafuni kwa kuogea.

Tangi liko kwenye mnara, na kitako chake kiko takriban mita 3 juu ya koki itakapokaa. Kila mita ya kimo hutoa takriban ba 0.1 (ba ni kipimo cha msukumo), basi hapa tuna ba 0.3, na siku tangi likijaa zinaongezeka kidogo. Tumetoa koki ya zamani, tukaacha valvu wazi, chupa ya lita 1.5 ikajaa kwa sekunde 15. Hizo ni lita 6 kwa dakika, zinatosha kabisa kwa kunawa, ilimradi tusinunue koki itakayoyakaba.

Maji yenyewe ni ya kisima na yana chumvi, kama visima vingi vya upande huu. Koki ya zamani imeliwa kwenye shingo mpaka kromu imebabuka vipande vipande.

Jumanne. Ukuta

Ukuta ni wa tofali za mchanga na saruji za inchi 6, plasta na vigae juu yake. Tumetoboa tundu la majaribio kwa biti ya milimita 6, bila nyundo ya drili, mahali ambapo kabati litapaficha. Tofali nzuri inakataa, drili inalia, vumbi linatoka kidogo kidogo. Hii ilipitisha biti kama iko kwenye udongo mkavu, na vumbi likatoka jingi, la mchanga. Saruji ilikuwa haba kwenye tofali hizi. Fisha za plastiki, vile vishikizo vya skrubu, humo zitashika siku ya kwanza, kisha zitaanza kuzunguka ndani ya tundu.

Mzigo tumeupiga hesabu hivi. Kabati, sinki na vitu vya ndani: kilo 45, uzito ukiwa sentimita 22 kutoka ukutani. Mtu anayeegemea ukingo wa mbele: kilo 70, sentimita 46 kutoka ukutani. Watu wa nyumba hii hutawadha kwenye sinki, na wapo wanaopandisha mguu juu, kwa hiyo kilo 70 si hesabu ya kutishana. Bolti zitakaa sentimita 45 juu ya ukingo wa chini wa kabati. 45 mara 22 ni 990. 70 mara 46 ni 3,220. Jumla 4,210, gawanya kwa zile sentimita 45 za kimo cha bolti, unapata kama kilo 94 za kuvuta bolti zitoke ukutani. Bolti ni mbili, kila moja inavutwa kwa kilo 47, na pamoja na hizo inabeba kama kilo 57 za kushuka chini. Tofali nzima hubeba hivyo bila shida. Hizi hazifai.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni kupitisha bolti mpaka upande wa pili na kuweka bamba la chuma, lakini upande wa pili ni chumba cha kulala chenye ukuta uliokwishapigwa rangi. Tumechukua ya pili: kukata mashimo mawili ukutani na kumimina zege lenye bolti ndani yake.

Jumatano. Kuchagua

Kabati la miguu limekataliwa kwa sababu mbili. Sakafu ya bafu ina mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, kwa hiyo miguu minne haiwezi kukaa sawa bila kuwekewa vipande, na vipande hivyo ndivyo vinavyooza kwanza. Na maji ya ndoo hufika kila mahali. Kabati la ubao wa maranda likilowa miguuni kila asubuhi, ngozi yake ya melamini huachia kwenye kingo, maji huingia, ubao huvimba, na mlango haufungiki tena. Likinyanyuliwa sentimita 33 kutoka sakafuni, ufagio wa maji unapita chini, unyevu unakauka, na mchwa hawana njia ya kupanda bila kuonekana.

Droo nazo zimeondoka. Mama aliuliza, "Fundi, hata moja tu ya miswaki?" Jibu liko kwenye vipimo. Ukingo wa juu wa sinki ni sentimita 85. Tundu la sinki liko sentimita 17 chini yake, yaani 68. Westi, kile kipande cha shaba kinachokaa tunduni, kinashuka mpaka 60. Trapu ya chupa inatokea ukutani kwenye 52, na kitako chake kinafika 42. Sakafu ya kabati ni 33. Droo yoyote hapo italazimika kukatwa umbo la U katikati, ibaki na vijisanduku viwili vyembamba pembeni, na siku ya kusafisha trapu uitoe nzima. Milango miwili na nusu rafu upande wa kulia inabeba vitu vingi zaidi.

Sinki la bakuli linalokaa juu ya meza linapendeza, ila kwa watu wanaotawadha halifai. Kuta zake ziko wima, maji yanayotiririka kutoka kwenye viwiko yanaanguka nje ya bakuli na kulala juu ya mbao. Sinki la kauri la kipande kimoja, lenye uso mpana unaofunika kabati lote na ukingo ulioinuka kidogo, linarudisha maji ndani.

Hata sinki hilo likaguliwe dukani kabla ya kulipiwa. Kauri hupinda ikiwa tanuruni. Liweke kifudifudi juu ya kioo cha meza au sakafu iliyonyooka, ulibonyeze kona moja moja. Likicheza chini ya milimita 2, silikoni italimudu. Zaidi ya hapo, omba jingine. Ligonge kwa kucha: la uzima linalia kama kengele, lenye ufa sauti yake inakufa hapo hapo. Kisha angalia kama lina kitundu cha maji ya ziada karibu na ukingo. Letu linacho. Hilo linaamua aina ya westi, na tutalirudia siku ya kufunga.

Koki: ya maji baridi pekee, shaba, robo mzunguko. Koki ya kuchanganya moto na baridi kwenye nyumba isiyo na bomba la moto ni kununua tundu utakaloliziba, na nyingi zimetengenezwa kwa msukumo wa ba 1 na kuendelea. Kwa ba 0.3 zinatoa uzi wa maji. Namna ya kujua shaba: uzito mkononi, na chini ya kitako, mahali pasipo na kromu, pakwaruze kwa ncha ya ufunguo. Rangi ya njano ni shaba. Rangi ya kijivu ni aloi ya zinki, na kwa maji ya chumvi hiyo haitadumu. Mdomo wa koki tumeutaka sentimita 15 juu ya ukingo na sentimita 12 mbele, ili mkono hadi kiwiko upite chini yake.

Mwili wa kabati: marine board, yaani plywood ya kuhimili maji, ya milimita 18. Milango: mninga wa milimita 20. Mninga umechaguliwa kwa sababu hauchezi sana unyevu unapopanda na kushuka, na hilo kwenye bafu la pwani ni bora kuliko ugumu. Mkongo nao ungefaa, ila ni mzito zaidi kwa bawaba.

Alhamisi. Kufungua ukuta, mabomba, zege

Vigae vya 30 kwa 60 vimetolewa safu moja kutoka sakafuni mpaka sentimita 90. Masalia ya vigae vile vile yapo stoo, bahati njema sana. Kama hayapo, panga kazi ili kiraka chote kijifiche nyuma ya kabati.

Bomba la maji machafu. La inchi moja na robo limetolewa lote kuanzia sakafuni, ambako linaungana na la inchi 2 linaloelekea kwenye tundu la sakafu. Mahali pake limekaa la inchi moja na nusu, na tokeo limepandishwa kutoka 42 hadi 52. Kupandisha kumetoa nafasi chini ya trapu. Kuongeza ukubwa ni kwa sababu nyingine. Bomba jembamba linaloshuka wima hujaa maji pote, na maji hayo yakishuka kwa pamoja huvuta hewa nyuma yao kwa nguvu kiasi cha kunyonya hata yale yanayotakiwa kubaki ndani ya trapu. Ile sauti ya "gluu gluu" sinki linapomaliza kutoa maji ndiyo dalili. Trapu ikibaki tupu, harufu ya chemba inapanda, na mwenye nyumba anamlaumu fundi wa shimo. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unaruhusu bomba la milimita 32 kwa mita 1.7 tu kutoka kwenye trapu ya sinki, na la milimita 40 kwa mita 3, kwa sababu hiyo hiyo. Sehemu yoyote ya kulala iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Mteremko mkali kupita kiasi nao hunyonya.

Gundi ya PVC: futa vumbi, kwaruza kwa msasa, paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo, shikilia kwa sekunde 30. Anayeachia mapema anakuta bomba limejirudisha milimita 5.

Maji safi. PPR, yaani bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, ya milimita 20 imesogezwa sentimita 15 kulia kwa mstari wa kati na kupandishwa hadi 58, ikimalizikia kwenye elbo (kiungo cha kona) yenye nyuzi za shaba za nusu inchi. Mashine ya kuchomelea nyuzi joto 260. Kwa milimita 20: pasha sekunde 5, unganisha ndani ya sekunde 4, kisha usiguse kwa dakika 2. Weka alama ya kina cha milimita 14 kwa penseli kabla ya kupasha. Ukipasha muda mrefu au ukisukuma kupita alama, plastiki inakunjika ndani na kuziba nusu ya njia. Kwa msukumo wa ba 0.3 utaiona hasara hiyo mdomoni mwa koki. Uso wa elbo uwe sawasawa na uso wa kigae, si wa plasta. Tumeshikiza kipande cha kigae pembeni kama kipimo kabla ya kuiziba kwa saruji.

Kabla ya kufunika tumejaribu kwa pampu ya mkono, ba 10 kwa saa moja. Sindano haikushuka. Kujaribu kwa maji ya tangi peke yake hakutoshi, kwa sababu kiungo kibovu cha PPR kinaweza kushikilia ba 0.3 kwa miezi.

Mashimo ya zege: mawili, sentimita 15 kwa 15, kina 10, ndani yamepanuliwa kidogo kuliko mdomoni ili zege lisiweze kuvutika nje. Yako kati ya kimo cha 68 na 83. Bomba la kuogea linapita kwa kulala kwenye 110, na la sinki linatoka chini hadi 58, kwa hiyo mahali pa bolti ni salama. Bolti ni fito za nyuzi za M10 (unene milimita 10), sentimita 18 kila moja: 9 ndani ya zege zikiwa na nati na washa kubwa mwishoni, 3 za plasta na kigae, 6 za kutokeza. Ubao wenye matundu mawili ya umbali wa sentimita 40 umezishika zikae sambamba na kwenye pimamaji wakati wa kumimina. Zege 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), kokoto ndogo. Mashimo yalilowanishwa kwanza, maana tofali kavu hunywa maji ya zege na kuliacha unga.

Ijumaa hadi Alhamisi. Kumwagilia, na kazi ya seremala

Zege limefunikwa gunia bichi, linamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Hakuna cha kuning'inizwa hapo kwa sasa. Vigae vimerudishwa siku ya tano, matundu ya bolti yakiwa ya milimita 14.

Wakati huo huo kabati linatengenezwa Keko. Vipande vya marine board, vyote milimita 18, kutoka ubao mmoja wa futi 4 kwa 8, na unabaki: mbavu 2 za sentimita 50 kwa 44, sakafu 1 ya 54.9 kwa 44. Mikanda ya nyuma ya juu 2 ya 54.9 kwa 9, ikigandishwa pamoja iwe unene wa milimita 36. Mkanda wa nyuma wa chini 1 wa kipimo hicho hicho. Mkanda wa mbele wa juu 1 wa 54.9 kwa 6. Na nusu rafu. Upana wa nje 58.5, sinki linazidi kidogo kila upande. Mgongo umeachwa wazi kwa ajili ya mabomba.

Mkanda mnene wa nyuma ndio unaobeba kila kitu. Umeunganishwa na mbavu kwa gundi ya mbao na skrubu za milimita 60, tatu kila upande, na matundu ya skrubu yalitangulizwa kwa biti ya milimita 3 ili ubao usipasuke matabaka. Matundu ya bolti ni marefu wima, milimita 12 kwa 20, kwa ajili ya kusawazisha.

Seremala alitaka kumaliza kwa vanishi koti moja kingoni, na hapo tumesimama kidete. Unyevu hauingii kwenye uso wa marine board. Unaingia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu. Kingo zote, pamoja na ndani ya matundu ya bolti na skrubu za bawaba, zimepakwa koti 3 za poliurethani ya kuchanganya. Sakafuni mwa kabati, chini kabisa ya trapu, kuna kitundu cha milimita 6, nacho kimepakwa ndani. Trapu ikivuja, tone litaonekana kwenye vigae siku hiyo hiyo.

Milango ya mninga: 28.9 kwa 49, kila mmoja wa vipande vitatu vilivyogandishwa. Msasa namba 240, koti, 320, koti, 320, koti. Ndani na nje idadi ya koti ni sawa. Mlango uliopakwa nje tu hunywa unyevu upande wa ndani na kujikunja kama kijiko. Bawaba ni za chuma cha pua, vikombe vya milimita 35 vikichimbwa kina cha milimita 12 na kuacha milimita 5 kutoka ukingoni. Mbili kwa kila mlango zinatosha, uzito haufiki kilo 2.

Ijumaa. Kuning'iniza na kufunga

Kabati limepanda watu wawili wakilibeba na mmoja akikaza. Washa pana za milimita 30, nati, kaza nusu. Pimamaji kwa upana: sawa. Kwa kina: kabati lilikuwa limeinamia mbele milimita 3, kwa sababu plasta ya chini imeingia ndani. Vipande vya plastiki vimewekwa nyuma ya mkanda wa chini mpaka pimamaji ikatulia, kisha nati zikakazwa. Usitumie vipande vya mbao hapo, vitanywa maji.

Sasa westi, sehemu inayovuja kuliko zote. Sinki lenye kitundu cha maji ya ziada linahitaji westi yenye mpasuo ubavuni, ili maji ya ziada yashuke kati ya kuta mbili za kauri na kuingia kwenye westi kupitia mpasuo huo. Sinki lisilo na kitundu linahitaji westi isiyo na mpasuo. Zikibadilishana: westi nzima kwenye sinki lenye kitundu, maji ya ziada hayana pa kwenda. Westi yenye mpasuo kwenye sinki lisilo na kitundu, maji hutoka kupitia mpasuo, hulala kwenye pengo la kauri, kisha hushuka polepole kwa kufuata nyuzi, na fundi atakaza nati mpaka kauri ipasuke bila uvujaji kukoma.

Hata westi sahihi yenye mpasuo ina njia hiyo ya nyuzi. Nati ya chini na mpira wake wa koni vinaziba kati ya mpira na kauri. Kati ya mpira na nyuzi za westi bado kuna mifereji. Tumepaka silikoni pete nene kwenye nyuzi, mahali mpira utakapotua, halafu tukapandisha mpira, washa ya plastiki, kisha nati. Juu, chini ya shavu la westi, pete nyembamba ya silikoni pia. Mpasuo umeelekezwa upande wa kitundu cha ziada. Nati: kaza kwa mkono mpaka ikatae, kisha robo mzunguko kwa spana. Inatosha.

Koki nayo imefungwa sinki likiwa bado chini, kwa sababu chini ya kabati mkono haupiti. Fleksibo, ule mpira wa kupeleka maji kwenye koki, imekazwa kwenye koki kwa mkono na robo, bila tepu.

Sinki limewekwa juu ya kabati kwa silikoni vidonge vidonge kila sentimita 10, siyo mstari mzima, ili siku ya kuling'oa liachie kwa kisu. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Yenye harufu ya siki hula shaba na hula fedha ya nyuma ya kioo.

Engo valvu, ile valvu ndogo ya kona inayokaa ukutani: nyuzi zake zimezungushiwa tepu nyeupe mizunguko 12, kwa upande ule ule valvu inakozungushwa kuingia. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kutoka. Ikipita mahali unapoutaka mdomo wake uelekee, usirudishe nyuma. Itoe, ongeza tepu, anza upya, kwa sababu kurudisha hata kidogo kunafungua njia ya maji.

Fleksibo upande wa valvu ina mpira wake, kwa hiyo tepu haina kazi. Tumechagua yenye nati za shaba na msuko wa chuma cha pua, na kabla ya kuinunua tumechungulia tundu la ndani. Zile za bei ya chini zina tundu jembamba sana, na kwa tangi letu hilo lingetosha kuua koki nzuri. Ikae na mkunjo mpana, isipindwe kona.

Trapu ya chupa ni yenye kina cha maji cha milimita 75. Mkono wake umekatwa uingie ukutani sentimita 4 tu, ukizibwa na pete ya mpira. Mkono mrefu ukigonga ukuta wa nyuma wa elbo unaziba njia.

Jumamosi. Majaribio

Karatasi ya chooni imefungwa kwenye kila kiungo, maana unyevu mdogo unaonekana kwenye karatasi kabla ya macho kuuona kwenye shaba. Sinki limejazwa mpaka kitundu cha ziada, likaachwa dakika 30, kisha likafunguliwa ghafla. Karatasi zote kavu. Sauti ya kunyonya haikusikika. Kijiti chembamba kilichoshushwa kupitia westi kabla na baada kimeonyesha maji ya trapu yameshuka kama sentimita 1, hivyo zimebaki milimita 65 hivi. Kikomo cha kuogopa ni milimita 25.

Chupa ya lita 1.5 mdomoni mwa koki mpya: sekunde 18, lita 5 kwa dakika. Hasara ni ndogo.

Silikoni ya mwisho imepigwa kati ya sinki na kigae, mwanya wa milimita 3, na mbavuni mwa kabati. Ukingo wa chini wa kabati hatukuuziba, ili maji yakipita nyuma yaonekane. Saa 24 bila kutumia.

Milango imerekebishwa: mwanya wa katikati milimita 2 juu na chini.

Yaliyobaki kwa wenye nyumba

Baada ya wiki mbili, kaza tena nati za bolti za ukutani robo mzunguko, zinafikiwa kwa kufungua milango. Kichujio cha mdomoni mwa koki kifunguliwe kila mwezi na kulowekwa kwenye siki usiku mmoja. Mchanga wa tangi na chumvi hukaa hapo. Dawa za klorini zisihifadhiwe ndani ya kabati hili hata kama zimefungwa, mvuke wake hula msuko wa fleksibo na bawaba. Fleksibo ikaguliwe shingoni, pale msuko unapoingia kwenye nati: ukiona vidoa vya kahawia au uzi mmoja umekatika, funga engo valvu na uibadilishe siku hiyo.